Foleni nayo ni bei: kufunga gesi kwenye gari la biashara kunalipa lini?

Ukiingia gereji inayofunga mfumo wa gesi asilia jijini Dar es Salaam, fundi hahitaji maneno mengi kukushawishi. Anafungua kikokotoo cha simu na kukuuliza mambo mawili tu: kwa siku unatembea kilomita ngapi, na unaweka mafuta ya shilingi ngapi. Dakika mbili baadaye anakugeuzia simu uone mwenyewe. Mfumo utajilipa ndani ya miezi minne au mitano, na kuanzia hapo kila unachookoa ni chako.

Fundi hadanganyi. Nimeirudia hesabu yake mara nyingi na haina kosa la kuzidisha wala kutoa. Ila akiba anayokuonyesha inakuja kwa kilomita: ukitembea unaokoa, ukisimama huokoi. Gharama ambazo hazimo kwenye simu yake haziji kwa kilomita. Nyingine zinakuja kwa saa, nyingine kwa mwaka, na nyingine kwa mkupuo siku usiyoitegemea. Ndiyo maana madereva wawili wenye gari la aina moja, waliofungiwa mfumo mmoja na fundi mmoja, wanaweza kuishia mmoja anachekelea na mwingine anatafuta mteja wa kumuuzia mtungi.

Tuanze na upande wa akiba, maana hata huo wengi wanaukosea. Kituoni gesi imekuwa ikiuzwa karibu shilingi 1,550 kwa kilo. Bei ya petroli inapanda na kushuka kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, wanapotangaza bei kikomo. Hapa tuchukue 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Mtu akiona 1,550 na 3,000 anasema haraka kwamba gharama imepungua nusu. Hapo anajipunja. Kilo moja ya gesi asilia ina nishati inayokaribia ile ya lita moja na nusu ya petroli. Magari yetu mengi hayakuundwa kwa gesi, kwa hiyo tusiwe wakarimu kupita kiasi, tuseme kilo moja inafanya kazi ya lita 1.4. Lita 1.4 za petroli ni shilingi 4,200. Kilo ya gesi ni 1,550. Tofauti ni shilingi 2,650 kwa kila kilo. Ishike namba hiyo, tutaihitaji mpaka mwisho.

Sababu ya tofauti kubwa hivyo haina siri. Petroli inanunuliwa nje kwa dola, inasafirishwa kwa meli, kisha inabeba kodi na tozo. Gesi inachimbwa nyumbani, Songo Songo mkoani Lindi na Mnazi Bay mkoani Mtwara. Ile ya Songo Songo ilianza kufika Dar mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Mgogoro wa Hormuz, mlango wa bahari zinamopita meli za mafuta, wala thamani ya shilingi dhidi ya dola haviigusi kwa kasi ileile. (Usiichanganye na gesi ya mtungi wa jikoni. Ile ni nyingine kabisa: inaagizwa nje, na inakaa kama kimiminika kwa mgandamizo mdogo. Hii ya gari inashindiliwa kwenye mtungi hadi kufikia bar 200, karibu mara tisini ya upepo ulio kwenye tairi lako.)

Sasa tumchukue dereva wa taxi mtandao mwenye gari dogo la injini ya 1300. Anatembea kilomita 120 kwa siku, na katika msongamano wa Dar lita moja inamfikisha kilomita 12. Kwa petroli anatumia lita 10, yaani 30,000. Kwa gesi anahitaji kilo 7 na kidogo, takriban 11,000. Tuongeze 1,500 ya petroli, kwa sababu gari linawashwa kwa petroli kabla ya mfumo kuhamia kwenye gesi. Akiba yake ni 17,500 kwa siku. Kama kufunga mfumo kumemgharimu milioni mbili, pesa hiyo inarudi ndani ya siku 114 za kazi. Kwa siku 26 za kazi kwa mwezi, hiyo ni miezi minne na nusu. Fundi kasema kweli.

Twende kituoni.

Kwa miaka mingi vituo vya kujazia gesi Dar vilihesabika kwa vidole, huku magari na bajaji zilizofungwa mfumo zikiongezeka kila wiki. Vituo vimeongezwa, kikiwemo kituo kikuu cha TPDC, shirika la mafuta la taifa, kwenye Barabara ya Sam Nujoma, lakini foleni imebaki kuwa sehemu ya maisha ya dereva wa gesi. Na kujaza gesi hakufanani na kumimina petroli. Gesi inapita kwenye mashine za kuishindilia, na mashine hizo zinataka umeme. Umeme ukikatika, foleni nzima inazima injini na kusubiri. Magari yakifuatana bila pumziko, mgandamizo wa kituo nao unashuka, na unaondoka na mtungi ambao haujajaa sawasawa. Gesi ikiingia kwa kasi inapata joto, na gesi yenye joto inachukua nafasi kubwa, kwa hiyo mchana wa Januari mtungi uleule unameza kilo pungufu. Hutadaiwa kilo ambazo hazikuingia. Utakachodaiwa ni kurudi kwenye foleni mapema zaidi.

Mwambie dereva kwamba foleni ni gharama, atakubali kwa kichwa na kuendelea kusubiri. Pesa haikutoka mfukoni, na kisichotoka mfukoni hakiumi. Lakini saa ya dereva ina bei, na anaijua mwenyewe bila kufundishwa. Akikaa barabarani saa mbili za asubuhi wakati watu wanakwenda kazini, baada ya kutoa mafuta na makato ya programu anaweza kubaki na elfu tisa kwa kila saa. Mchana saa nane, barabara zikiwa zimepoa, pengine elfu tano au chini ya hapo. Tukadirie foleni ya saa mbili kwa siku. Akipanga mchana, anaacha mezani elfu kumi, na akiba yake ya 17,500 inabaki 7,500. Akipanga asubuhi, anaacha 18,000. Akiba imekwisha, na shilingi mia tano imetoka kwake.

Dereva yuleyule, gari lilelile, bei ileile ya gesi. Kilichobadilika ni saa aliyoingia kwenye foleni.

Kuna jibu ambalo madereva wengi wamelipata: kujaza usiku wa manane. Saa nane usiku foleni ni fupi na hakuna abiria unayemkosa. Ni jibu zuri kwa anayeishi karibu na kituo. Kwa anayeishi mbali, safari ya kwenda na kurudi inakula gesi na usingizi. Usingizi hauna risiti, lakini dereva aliyepata usingizi wa saa nne tu anaendesha abiria kutwa nzima. Sitaupigia bei ya shilingi. Ninachosema ni kwamba hauwezi kuwa sifuri, ingawa sifuri ndiyo namba ambayo wengi wetu tunauandikia.

Kitu kingine ambacho hakionekani haraka ni kwamba foleni ni gharama ya kila safari ya kituoni, haijali unajaza kilo ngapi. Ukifika na mtungi uliobakiwa na nusu ukajaza kilo 4, unaokoa 10,600 kwa foleni nzima. Ukisubiri mtungi ukaribie kuisha ukajaza kilo 10, unaokoa 26,500 kwa foleni ileile. Hapa bajaji inaumia. Mtungi wake ni mdogo, kwa hiyo kila foleni inamletea akiba ndogo. Hapa pia ndipo mtungi mkubwa, ambao kwenye bei ya kufunga unaonekana ni anasa, unaweza kuwa wa bei nafuu.

Kutokana na hapo unapata kipimo cha kutumia papo hapo, ukiwa umeshafika na kuliona jeshi la magari mbele yako. Zidisha kilo unazotarajia kujaza kwa 2,650, kisha gawanya kwa kile unachoingiza kwa saa. Kilo 7 ni 18,550. Kama saa yako ni elfu tano, foleni inayozidi saa tatu na dakika arobaini haikufai. Kama saa yako ni elfu tisa, inayozidi saa mbili haikufai. Bonyeza swichi ya kurudisha injini kwenye petroli, weka petroli, nenda kazini, utarudi usiku.

Wachache wanafanya hivyo, na sababu wanayoitoa ni ileile: “Nimeshatoa milioni mbili kufunga gesi, halafu niweke petroli?” Milioni mbili ile imekwenda. Haitarudi kwa sababu umekaa foleni, wala haitaongezeka kwa sababu umeweka petroli siku moja. Swali la asubuhi ya leo linahusu saa za leo na kilo za leo tu. Mfumo umefungwa na swichi ya pande mbili kwa sababu hiyo, na kuikataa swichi ni kuongeza hasara mpya ili kuiheshimu pesa ya zamani.

Yapo pia yale yanayokuja polepole. Gesi inahitaji cheche yenye nguvu zaidi ya petroli ili iwake, kwa hiyo plagi na koili zilizochoka, ambazo kwenye petroli zingevumilia, kwenye gesi zinaanza kukohoa. Gesi ni kavu, na kwa injini nyingine viti vya valvu vinachakaa mapema. Tangi la petroli nalo lina hadithi yake. Dereva akishaizoea gesi anaacha petroli ibaki tone mbili, na pampu ya mafuta iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli hiyohiyo. Ikizunguka kwenye ukavu, inaungua. Nimewahi kumsikia dereva akiilaumu gesi kwa kumuunguzia pampu, kumbe ni ubahili wake mwenyewe.

Kwa haki, upo na upande mwingine. Gesi inaungua safi, haiachi masizi mengi, na oili inakaa safi kwa muda mrefu zaidi. Anayeorodhesha gharama fiche peke yake bila faida fiche anafanya kosa lilelile la fundi, ila kwa kugeuza upande. Kwa gari letu la mfano, baada ya kuchanganya yote, nitenge 1,500 kwa siku kwa matunzo. Hayo ni makadirio yangu. Mwenye gari lililochoka aweke zaidi.

Halafu kuna buti. Mtungi wa chuma unaobeba kilo kumi za gesi, ukiwa mtupu, una uzito wa mtu mzima, na unakaa pale ambapo masanduku ya abiria yangekaa. Kwa anayebeba wafanyakazi wa ofisini wenye mkoba wa kompyuta, hakuna kilichopotea. Kwa anayetegemea wateja wa Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, wenye masanduku mawili kila mmoja, safari nono ndizo zinazomponyoka kwanza. Mwenye kirikuu, lile gari dogo la mizigo, ya kusambaza bidhaa aangalie kilo anazopoteza kwenye mzigo, na nguvu inayopungua kwenye kilima. Gesi inapoingia kwenye injini inachukua nafasi ya sehemu ya hewa, kwa hiyo injini iliyoundwa kwa petroli inapungua nguvu kidogo. Ukiwa na mzigo na kiyoyozi kimewashwa, utaihisi.

Mtungi wenyewe usiununue kwa macho. Kwenye bega lake kuna maandishi yaliyogongwa kwenye chuma: tarehe ya kutengenezwa, ujazo, mgandamizo wa kazi na wa majaribio. Mtungi una umri wa mwisho, na kabla ya hapo unatakiwa kukaguliwa kila baada ya miaka kadhaa. Mtungi uliotumika nje ukaletwa hapa kwa bei ya kutupa unaweza kuwa umebakiza miaka michache tu. Ukigawa bei kwa miaka iliyobaki, mara nyingi mpya unatoka nafuu. Tena unakwenda kukalia kitu chenye bar 200 nyuma ya mgongo wa abiria wako. Bima nayo: kampuni inayokukatia bima kubwa ijulishwe kwamba gari limefungwa mfumo wa gesi. Kubadilisha gari kimya kimya ni kuipa kampuni sababu ya kubishana nawe siku ya ajali.

Na pesa ya kufungia imetoka wapi? Aliyetumia akiba yake mwenyewe ana hesabu moja. Aliyekopa ana nyingine. Mtu akichukua milioni mbili kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye mkopo wote kwa miezi mitano, atarudisha milioni tatu. Mfumo wake haukumgharimu milioni mbili. Mikopo ya namna hiyo, inayoitwa kausha damu, inafanana sana na ahadi ya fundi: vyote viwili vinasema miezi mitano. Lakini mkopeshaji anataka pesa yake kila wiki, hata ile wiki uliyolala foleni au gari likiwa gereji.

Kinachonisumbua zaidi ni swali la nani analipa na nani anafaidi. Magari mengi ya biashara Dar hayaendeshwi na mwenyewe. Yupo tajiri, yaani mwenye gari, na yupo dereva anayempelekea hesabu, yaani kiasi walichokubaliana. Mafuta ni juu ya dereva, gari ni juu ya tajiri. Tajiri akifunga gesi, milioni mbili ni zake na akiba ni ya dereva. Kwa hiyo tajiri haoni sababu ya kufunga, au akifunga anapandisha hesabu. Akiangalia ile 17,500 ya fundi, atasema tugawane nusu kwa nusu: ongeza hesabu kwa elfu tisa. Inaonekana ni haki. Lakini dereva ndiye anayekaa foleni, na baada ya kutoa saa zake mbili za mchana, akiba halisi ni 7,500. Amekubali kulipa elfu tisa kutoka kwenye 7,500. Tajiri naye hajamdhulumu kwa makusudi; ametumia karatasi ya fundi tu. Mambo yanakuwa magumu zaidi pale dereva anapofunga mfumo kwa pesa yake kwenye gari la mtu. Wakikosana mwezi wa tatu, mtungi unabaki kwenye buti la tajiri. Kama ni gari la mkataba, ambalo litakuwa la dereva malipo yakiisha, angalau anajenga cha kwake. Kama si la mkataba, waandike mtungi ni wa nani kabla fundi hajatoboa bodi.

Kwa nani basi inalipa bila ubishi? Ukipanga watu kwa kilomita zao na kwa bei ya saa zao, picha inajitokeza. Mwenye gari la shule hatembei kilomita nyingi, lakini kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana gari limeegeshwa na dereva hana kazi. Foleni haimgharimu karibu chochote. Atarudisha pesa polepole, ila atarudisha. Mfanyakazi wa ofisi anayetembea kilomita 30 kwa siku anaokoa kama 4,400, na akipanga foleni Jumamosi anapoteza mapumziko tu. Pesa yake itarudi baada ya mwaka na nusu, kama hatauza gari kabla, na mnunuzi anaweza asitake kuulipia huo mtungi. Dereva wa kilomita 200 anaokoa sana, lakini huyo ndiye mwenye saa ghali kuliko wote, na mtungi wake unaisha kabla ya siku kuisha. Kwake mambo mawili tu ndiyo yanaamua: ukubwa wa mtungi na kuishi karibu na kituo.

Wengi wanasubiri vituo viongezeke, foleni ziishe. Vikiongezeka, magari mengine yatafungwa gesi. Tofauti ya 2,650 kwa kilo inavuta watu, na foleni inaendelea kurefuka mpaka yule wa mwisho kuingia anaona haimpi faida kubwa kuliko petroli. Kwa maana hiyo sehemu ya bei ya gesi haikusanywi na kituo wala na serikali. Inateketea kwenye foleni, kwa saa za watu. Anayefaidi ni yule ambaye saa yake ni ya bei ya chini kuliko ya wenzake kwenye mstari.

Serikali nayo inaiona tofauti hiyo. Kwenye mapendekezo ya bajeti ya Juni 2024 ilikuwemo tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, na mjadala wake ulikuwa mkali. Anayefunga mfumo leo anakisia sera ya miaka kadhaa ijayo, kwa hiyo ni busara kuipitisha namba kama hiyo kwenye hesabu yake kabla ya kulipa. Kwa dereva wetu wa kilomita 120, kilo 7 na kidogo kwa siku zingebeba tozo ya kama 2,700. Kwenye karatasi ya fundi si kitu: akiba inashuka kutoka 17,500 hadi 14,800, na siku 114 zinakuwa 135. Kwenye karatasi iliyokwisha kutoa elfu kumi ya foleni na 1,500 ya matunzo, iliyokuwa imebakiwa na 6,000, inabaki 3,300. Milioni mbili ukizigawa kwa 3,300 ni siku 606 za kazi, karibu miaka miwili.